Siri ya Mshiriki wa Tisa

Benard Otuoma aliisoma fomu ya ridhaa mara mbili, midomo ikimchezacheza, kisha akaweka kidole chenye kovu juu ya mstari mmoja na kuuliza, "Hapa mmeandika kwamba hutamwambia mtu. Mtu ni nani?"

"Yeyote," Edinah alimjibu. "Mke wako, chifu, hata mama yangu mzazi."

"Na nikijuta?"

"Unajitoa siku yoyote. Nafuta kila ulichosema, wala sikuulizi sababu."

Benard akatia sahihi. Kuanzia hapo, katika makaratasi ya utafiti, hakuwa tena Benard, mvuvi wa Karungu. Alikuwa Mshiriki wa Tisa.

Edinah Bitutu alikuwa binti wa wauza nafaka wa Kikisii waliohamia Kosele kabla yeye hajazaliwa. Alikua na Kidholuo kinywani sawa na lugha ya mama yake, na ndiyo sababu Dakta Angwenyi, mwanasaikolojia aliyeuongoza mradi kutoka ofisi yake mjini Homa Bay, alimwajiri kuwahoji watu waliopotelewa na wapendwa wao bila kuona mwili. Utafiti ulitaka kujua moyo huombolezaje pasipo kaburi. Edinah alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuwa amemzika mtu yeyote wa karibu.

Benard alizungumza nusu saa nzima juu ya rafiki yake Jeremiah, aliyetoweka miaka mitatu iliyopita. Karungu yote ilikijua kisa hicho: Jeremiah alimshusha Benard ufuoni, akaigeuza mashua yake kuelekea Musoma kutafuta maisha, asirudi. Ndivyo Benard alivyowaambia watu. Kisha, kinasa sauti kikiwa bado kinawaka, akaanza upya kwa sauti ya mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Hakwenda Musoma. Mashua ilipinduka. Tulikuwa na dumu moja tupu la kushikilia tusizame, nalo halikuweza kubeba wawili. Jeremiah akanishika mguu. Nikampiga teke, akashika tena. Nilipompiga la pili, hakushika."

Edinah alikuwa amefundishwa la kufanya mshiriki anapolia. La kufanya asipolia hakufundishwa. Alimwuliza kama ana mawazo ya kujidhuru, akasema hana. Akampa namba ya simu ya mshauri. Benard akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mshiriki wa Nne alikuwa Leonida, mke wa Jeremiah.

Leonida aliishi nyumba chache kutoka pale, pamoja na mwanawe Bravin na mama mkwe. Bibi huyo, ambaye ndoto zake zilikwisha kumwambia kwamba mwanawe hayupo duniani, alikuwa ametaka mara mbili lichumwe tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, lizikwe badala ya mwili, kama desturi inavyoagiza. Leonida alikataa mara zote mbili. "Nitamzikaje mtu anayekula na kushiba Musoma?" alimwambia Edinah katika mahojiano ya kwanza. "Mimi si mjane. Nimeachwa. Na aliyeachwa hukaa akijiuliza alikosea wapi." Alikuwa amejiuliza hivyo kwa miaka mitatu, na makosa aliyojipatia yalikuwa mengi: ugali ulioungua, neno alilolitupa asubuhi ile, mtoto wa pili ambaye hakupatikana.

Edinah alipanda matatu kwenda Homa Bay.

"Dakta, yule mama anajilaumu kwa jambo ambalo halikutokea."

Dakta Angwenyi alivua miwani. "Siri tunaivunja kwa mambo matatu tu. Mtu akitaka kujiua, akitaka kumdhuru mwingine, au mtoto akiwa hatarini. Huyu yumo katika lipi?"

"Hayumo."

"Basi."

"Lakini yule mama naye ni mshiriki wetu. Tulimwahidi kwamba hatutamwumiza."

"Si sisi tuliomwumiza."

"Na kunyamaza kwetu?"

Dakta aliipangusa miwani kwa ncha ya tai, muda mrefu kuliko vumbi lilivyostahili. "Nitalipeleka suala hili kwenye kamati ya maadili. Inakaa mwezi ujao. Ila elewa, Edinah, tukifungua kinywa leo, kesho hakuna atakayetufungulia kifua."

Edinah aliliona kuwa ni neno la kweli. Alipofika chini ya ngazi aliliona pia kuwa ni neno la mtu asiyekuwa na safari ya Karungu wiki ijayo. Sabato ile, kanisani Kosele, waumini walipoinama kuomba, alishindwa kuchagua jina. Akimwombea Benard apate ujasiri wa kusema, je, hilo nalo si kumshinikiza mshiriki? Na akimwombea Leonida amani, ni amani ipi, ya kungoja au ya kuzika? Akasema amina pamoja na wenzake bila kuomba kitu.

Jumatatu alimkuta Benard akishona nyavu.

"Sikuja kukuhoji," alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba ukiona siku moja unataka kulisema lile neno kwa mtu mwingine, nitakaa kando yako."

"Mtu mwingine kama nani?"

Hata jambo la kwamba Leonida yumo katika utafiti Edinah hakuwa na ruhusa ya kulitaja.

Benard aliuma uzi, akaukata. "Nyar Kosele, binti wa Kosele, nilitaka mtu mmoja tu ajue. Nilidhani ukishajua wewe, mzigo utapungua. Kumbe nimeongeza macho mawili ya kunitazama." Akaiweka sindano. "Ulisema naweza kujitoa."

"Ndiyo."

"Bila sababu."

"Bila sababu."

"Basi futa."

Edinah alifuta sauti mbele yake, akazichana karatasi vipande vipande. Kisha akampigia Dakta simu, akamweleza.

"Kama amejitoa, hatuna cha kupeleka kwenye kamati. Hatujui chochote."

"Mimi ninajua."

"Mradi haujui, Edinah."

Alhamisi ilikuwa zamu ya mahojiano ya pili na Leonida. Edinah angeweza kuomba mwingine atumwe; alifikiria hilo njia nzima, akashindwa kuamua kama ingekuwa uadilifu au woga, na alipokuwa bado anafikiri alikwisha kukaribishwa kiti. Leonida alimletea chai, akaketi mbele yake, akazitazama karatasi.

"Wewe nyaminwa, dada yetu, unaingia nyumba zote hizi," alisema. "Umesikia lolote juu ya baba Bravin?"

"Siruhusiwi kusema ninachosikia kwa mtu, mama Bravin. Hata uliyoniambia wewe, hakuna anayeyajua."

Leonida aliligeuzageuza jibu hilo kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Wote niliowauliza wamesema hapana," alisema taratibu. "Wewe peke yako umesema huruhusiwi."

Edinah angesema hapana, angekuwa mwongo. Alisema kweli tupu, neno kwa neno kama ilivyo kwenye mwongozo, na sasa hakujua kama ameilinda siri au ameimwaga.

"Tuendelee," Leonida alisema.

Waliendelea. Usingizi, hamu ya kula, ndoto. Walipofika swali la nane, Edinah alilisoma bila kuinua uso. "Katika wiki mbili zilizopita, umetarajia kwa kiasi gani kwamba atarudi? Sifuri ni kutotarajia kabisa, tano ni kutarajia kila siku."

Mara ya kwanza Leonida alikuwa amejibu tano hata kabla swali halijaisha. Leo alikawia. Mama mkwe alisikika nje akiita kuku wake.

"Wewe," Leonida aliuliza, "ungeniandikia ngapi?"

Edinah alifungua mdomo ili aseme kwamba mtafiti hatakiwi kumjibia mshiriki. Neno halikutoka. Kilichotoka ni chozi, likamshuka hadi kidevuni kabla hajalizuia, naye hakujua kama chozi nalo ni siri ya mtu.

Leonida alilitazama likishuka. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akaivuta karatasi upande wake wa meza.