Nyumba Isiyo na Kona

Mthamini wa benki alizunguka nyumba nzima akitafuta kona. Mtu mzima na tai yake, mkononi kashika kile kidude cha kupimia kinachorusha kidoti chekundu ukutani. Alizunguka tena, akasimama.

"Samahani, mama," akaniuliza. "Hapa mtu anaanzia wapi?"

"Kuanza nini?"

"Kupima. Mimi huanzia konani."

Bibi Tangi alicheka hadi akashika nguzo. Ndiye mwenye nyumba, mjane, na jina hilo mtaa mzima umempa. "Mwanangu," akamwambia, "mume wangu kazeeka humu akiitafuta hiyo kona. Ukiiona uniite."

Ni tangi la maji. Sisemi kwa mafumbo: ni tangi kweli, la zege, lililokuwa likiweka maji ya mji mzima, mpaka lilipojengwa jingine kubwa zaidi kilimani, hili likaachwa kavu. Mume wa Bibi Tangi alikuwa fundi bomba. Alilinunua kwa bei ya kutupa, akatoboa mlango na madirisha, akajenga vyumba vya ukuta mfupi katikati, bila kugusa ule ukuta mkubwa wa mviringo. Watu walimwona hamnazo.

Mimi ni fundi cherehani. Mara ya kwanza niliingia humo kumpima Bibi gauni, nikasahau kilichonileta. Mwanga ulikuwa ukishuka kutoka kwenye tundu la dari, mnene, ungedhani unaweza kuuegemea. Ukutani, juu kabisa ya kichwa changu, kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, inazunguka pande zote. Alama za maji. Nikaelewa kwamba hapo niliposimama, na tepu yangu shingoni, palikuwa kilindini. Maji yaliyochemshwa siku niliyozaliwa yalipita hapa. Nikajikuta nanong'ona, na hakuna aliyeniambia ninong'one.

Siku nyingine nilikwenda na mume wangu. Yeye anatengeneza friji, na si mtu wa kushangaa ovyo. Alizunguka peke yake hadi upande wa pili. Mara nikasikia sikioni, karibu kabisa, pumzi na yote: "Ee Mungu, tungelala humu!"

Nikageuka. Hakuna mtu. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya nyumba, nyuma ya vyumba vyote, amesogeza uso ukutani akikagua plasta. Ukuta ulikuwa umeibeba sauti yake, ukaizungusha taratibu, ukanikabidhi mimi.

"Mnaona sasa," alisema Bibi Tangi. "Sisi tukigombana tulikuwa tunakaa hivyo, yeye kule mimi huku. Tusitazamane. Tulikuwa tunapatana upesi sana."

Nyumbani kwetu wakati huo kulikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alikuwa akilala pale tu mashine ya kukatia chuma inapozimwa. Masomo yangu ya jioni nilikuwa nayadurusu na pamba masikioni. Kwa hiyo Bibi Tangi aliposema anauza, aende akaishi kwa bintiye, tulikimbilia benki kuomba mkopo. Mnunuzi mwingine alikuwepo, mwenye malori. Alitaka uwanja wa kuegesha, tangi angelibomoa. "Nitawasubiri ninyi," Bibi alituahidi. "Benki wakikataa, nitauza kwa wa malori. Sina jinsi."

Ndiyo maana siku ya mthamini nilimfuata kwa macho kama anapima mtoto wangu.

Hatimaye alipata namna ("Pima kama kiuno cha mteja," Bibi alimtania), akakagua nyufa, akagonga zege, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaenda upande wa pili, akatoa simu kurekodi maelezo yake kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, Chiriku kanikumbatia kiuno.

"Ujenzi imara," ukuta ukaniambia sikioni. "Hakuna nyumba ya kulinganisha nayo, hapa wala miji ya jirani. Benki ikilazimika kuiuza, haitajua iiuze kwa bei gani. Thamani ihesabiwe ya kiwanja tu, kutoa gharama ya kubomoa. Sipendekezi mkopo."

Kisha sauti ileile, laini zaidi:

"Lakini jamani. Jamani, nyumba gani hii."

Chiriku naye alikuwa amesikia. Akabandika midomo ukutani. "Usibomoe!"

Kule ng'ambo kidude kikaanguka sakafuni. Mthamini alitokea akitembea haraka, uso umempauka.

"Nani kasema?"

"Huyu," nikamwonyesha. "Na sisi tumekusikia."

"Mmesikia lipi?"

"Yote, baba. Hata hilo la mwisho."

Angeweza kunidanganya. Badala yake alivuta kigoda akakaa, kidude mapajani. "Dada yangu, kazi yangu ni kulinganisha. Natafuta nyumba nyingine kama hii iliyouzwa, naangalia iliuzwaje. Hii nitailinganisha na nini?"

"Kukosa ya kulinganisha nayo ndiyo kasoro yake?"

"Kwa benki, ndiyo." Akatazama juu, kwenye mistari ya maji. "Kwangu mimi usiniulize."

Halafu akamwomba Chiriku aseme tena. Akarudi upande wa pili, akatega sikio, na mwanangu akamweleza habari za paka wa jirani, meno yake mwenyewe yaliyong'oka, na mwalimu anayekoroma. Nilipochungulia nilimkuta yule bwana na tai yake, shavu limelala kwenye zege, macho amefumba, anatabasamu. Alikaa hivyo mpaka mwanga wa darini ulipohama ukuta.

Lakini alipeleka benki kile alichopaswa kupeleka, na benki wakakataa.

Nilikwenda mwenyewe, na Chiriku, kumwambia Bibi Tangi. Alinisikiliza, akasema "Haya," akachukua mkongojo wake akaenda kukaa kwenye kiti chake cha zamani kando ya ukuta. Mimi nikazunguka kutafuta viatu vya Chiriku, maana huvivua popote. Nilikuwa nimeinama ng'ambo ya pili niliposikia:

"Mzee, nifanyeje? Mtoto anataka niende. Wa malori anataka kubomoa. Niambie basi."

Nikaziba mdomo wa Chiriku. Bibi alikuwa anasubiri, na kusubiri kwenyewe nilikusikia, pumzi inakuja na kwenda. Neno moja tu, kwa sauti nzito, na nyumba ingekuwa yetu. Nikasogeza uso ukutani.

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Marehemu hakuwahi kunyamaza muda mrefu hivyo."

Tukacheka, yeye kule na mimi huku, na kicheko kikawa kinazunguka, sikujua tena kipi chake kipi changu. Kilipotulia akasema polepole: "Unajua kwa nini nilikuwa nauza? Tangu nimzike nasema na huu ukuta kila jioni. Haurudishi kitu. Leo umerudisha."

Nikabandika kiganja ukutani.

"Hamieni. Chumba cha upande wa jua ni changu, sitoki. Hiyo kodi ya kule kwenye vyuma mnilipe mimi, tuandikishane kwa wakili, kidogo kidogo mpaka iwe yenu."

"Na binti yako je, Bibi?"

"Atanuna. Akimaliza kununa atakuja likizo na wanawe."

Sasa tumo humu. Kabati letu halikai ukutani, limeacha pengo nyuma na Chiriku amelifanya njia. Mume wangu kila mvua ikinyesha hupanda darini, anasema tangi lililojengwa maji yasitoke halijafundishwa maji yasiingie. Na mimi asubuhi, kabla ya cherehani, nasimama mahali pangu chini ya mistari ya maji, nasogeza midomo kwenye zege la baridi.

"Umeamkaje, Bibi?"

Halafu nasubiri sauti izunguke.

"Salama, mwanangu," ukuta unasema. "Chiriku kaamka?"