Fundi wa Taa Amefika Kazini

Saa kumi kasoro dakika tano, Khalayi alikuwa amepiga magoti jukwaani, akibandika selotepu nyeupe mahali ambapo miguu ya meza ingekaa. Mumewe, Ignatius, akaingia kwa mlango wa nyuma. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu wamzike kijijini Navakholo. Alipangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akatazama sakafu.

"Hiyo alama iko karibu sana na pazia, Mama Khisa. Mtu atajikwaa kukiwa na giza."

Khalayi akaibandua, akaisogeza hatua moja.

Kwa miaka kumi na moja Ignatius alikuwa fundi wa taa katika ukumbi ule wa Kakamega mjini. Siku moja wakati wa mazoezi, boksi la swichi lilimpiga umeme, akafa palepale. Ripoti ya kamati ya ukumbi ilisema alikuwa miguu mitupu, kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Baadaye kamati ikampa mjane nafasi ya kujifunza kazi ya kusimamia jukwaa. Khalayi aliikubali kwa sababu alikuwa na watoto wawili, na pia alitaka kuliona hilo boksi kwa macho yake.

Ignatius alikuja kila siku, saa ileile, na viatu vilevile vya siku ya ajali, soli ya kulia ikiwa imeyeyuka. Waigizaji walimsalimia. Nehemiah, meneja wa ukumbi, alimuuliza habari za huko.

"Kuzuri," Ignatius alisema. "Baridi tu kidogo."

Alimfundisha mkewe kuandika kwa penseli kila hatua ya mwigizaji, kuhesabu vifaa mezani kabla ya mlango kufunguliwa, kusema "jiandae" kabla ya kusema "sasa". Jioni alimfundisha kuandika ripoti: nani alifika, nani alichelewa, nini kimeharibika.

"Andika yote," alisema. "Usipoandika, hawa watu watasemanga haikutokea."

Siku moja akafungua boksi. Waya wa kijani, ule unaopaswa kupeleka umeme ardhini usimpige mtu, ulikuwa umekatwa na kuachwa ukining'inia. "Nilimwambia Nehemiah mara tatu," alisema. Jioni hiyo Khalayi aliandika: *Ignatius, taa, alifika saa kumi kasoro tano. Amevaa viatu. Waya wa kijani haujaunganishwa.* Aliandika hivyo siku ishirini mfululizo. Nehemiah alizipokea karatasi, akazipiga muhuri, akazitia kwenye faili.

Mambo ya nyumbani Ignatius hakuyajua tena. Khalayi alipomwambia kwamba mtoto wao Khisa ameng'oka jino la mbele, alimsikiliza kwa adabu, kama mgeni, halafu akauliza ngazi iko wapi. Saa kumi na mbili alitoka kwa mlango wa nyuma. Siku moja Khalayi alimfuata mbio, akakuta ukuta na majani ya ng'ombe, basi.

Kamati ikakutana Alhamisi. Nehemiah alimsomea Khalayi barua akiwa amesimama.

"Kwa kuwa fundi husika amekuwa akifika kazini kila siku, kama inavyothibitishwa na ripoti za msimamizi wa jukwaa, kamati imeona kwamba hakuna ajali iliyotokea. Faili limefungwa."

"Lakini tulimzika, Bwana Nehemiah. Wewe ulibeba jeneza."

"Nilibeba, mama. Upande wa kushoto." Akakunja barua. "Lakini mwandiko ni wako."

"Na waya?"

"Si yeye ndiye anashikanga boksi? Umeme utamfanya nini tena?"

Khalayi alirudi jukwaani akamkuta Ignatius akifuta kioo cha taa.

"Wamesema hukukufa," alimwambia.

Ignatius aliacha kufuta. "Sasa mimi ni nini?"

 Khalayi alikaa kwenye ukingo wa jukwaa akalia, na Ignatius akangoja hadi alipomaliza. Kisha akasema, "Tumebakiza onyesho la nne la mchezo."

Siku iliyofuata Khalayi aliandika ripoti bila jina la mumewe. Nehemiah akaja nayo mkononi.

"Umesahau mtu."

"Sijasahau."

"Kama hayuko, mama, hilo boksi utalishika wewe. Jumamosi wanafunzi wanakuja, na taa lazima ziwake."

Khalayi aliwafikiria watoto, pale mtaani Shieywe, wakimngoja kwa jirani. Akachukua kalamu, akaliandika jina.

Jumamosi saa kumi jioni ukumbi ulijaa wanafunzi wa shule nne. Michelle, mwigizaji aliyefungua mchezo, alisimama gizani mbele ya shamba la miwa lililochorwa kwenye kitambaa. Khalayi alikaa pembeni na daftari lake. Ignatius alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mkono wake juu ya boksi.

"Taa ya kwanza, jiandae," Khalayi alinong'ona. "Sasa."

Ignatius akasukuma swichi. Cheche za buluu zikampanda hadi begani, akauma meno, shati lake likatoa moshi mwembamba. Jukwaani kukapambazuka polepole juu ya miwa, vizuri kabisa, na wanafunzi wakapiga makofi.

Ignatius aliipepea mikono ya shati, akamtazama mkewe, akangoja.

Zilikuwa zimebaki taa arobaini na moja. Khalayi akafunua ukurasa.

"Taa ya pili," alisema. "Jiandae."