Mchanga wa Kwenye Filamu

Kila Jumamosi mchana Mzee Zabroni alikwenda kwenye kibanda cha video cha Godwin, pale Mkunya, akaangalia filamu ile ile ya zamani ya vita, akaitukana. Bunduki haziishiwi risasi! Majeruhi wanahutubia! Yeye alipigana Msumbiji, nani wa kumdanganya?

Lakini askari wa filamu walipofika mtoni, matusi yalikoma. Walikimbia mchangani kifua mbele, wala hakuna aliyechokoa ardhi kwa ncha ya kisu kutafuta mabomu ya kutegwa. Uongo mtupu. Hata hivyo Zabroni alinyanyua miguu yake juu ya sakafu, jasho likimtiririka, mikono imeng'ang'ania benchi, mpaka askari wa mwisho akafika ng'ambo mzima. Hapo akashusha pumzi, akatabasamu kama mtoto.

"Samahani, Baba Witness," Godwin alimwambia akizima mashine. "Hii umeiona mara ngapi? Wote huvuka. Sasa unaogopa nini?"

Zabroni alishusha mguu mmoja, akaipapasa sakafu ya udongo kwa kidole gumba kabla ya kuikanyaga.

"Rafiki yangu Silvesta naye aliuvuka mchanga wetu kule Msumbiji mara tisa, mwanangu. Mara tisa, mzima."