Kijiji Kilichofungiwa Chumvi

Walipotufungia soko hawakuleta fimbo wala bunduki. Zéphirin, kapita wetu anayesimamia kazi za wazungu, alirudi kutoka Kasongo na kinga, baiskeli yake, akatukusanya mbele ya kanisa, akatupa maneno ya muzungu wa teritwari, mukubwa wa serikali. Kuanzia siku ile, mutu wa kijiji chetu hauzi kitu Kasongo, hanunui kitu. Mawese na muchele wetu vibaki nyumbani. Chumvi, sabuni, jembe, kiberiti, hakuna. Mpaka Octave atoke alikojificha. Tena muzungu alisema hatamupiga mutu hata mumoja, na watu wakapiga makofi.

Octave ni mume wangu. Ilikuwa wakati wa mupira wa vita ya wazungu. Wanaume walipelekwa porini kukata kamba zinazotambaa mitini na kukamua utomvu wake, ndio mupira, na kaka yake alienda, hakurudi. Octave alipoitwa, aliingia katika matete ya upande wa Lualaba, mahali nilipopajua mimi peke yangu. Asubuhi nilikuwa naaga kwamba naenda kuni, na ndani ya kitunga, chini ya kitambaa, kulikuwa chakula chake.

Chumvi ilipopungua nilienda kwa Sumaili, mwenye duka kule Kasongo. Alikuwa ananunua mawese ya mama yangu tangu nikiwa mutoto, nikafikiri atanipa konzi moja nyuma ya nyumba. Alisimama mulangoni asinikaribishe. Alisema watamunyang'anya duka. Kisha akaongea polepole, yeye anayeuzia wazungu na kuwasikiliza.

"Dada yangu, hii akili haikuzaliwa hapa. Huko kwao ndivyo wanavyopigana siku hizi. Wanamufungia adui bahari, wanamufungia soko, halafu wanakaa kungoja tumbo lake liseme. Wameona inafaa. Sasa wanaijaribu juu yenu."

Alinipa maji ya kunywa. Nilirudi na kitunga kitupu.

Kule kijijini hakuna aliyemukasirikia muzungu. Alikuwa mbali, na mimi nilikuwa karibu. Kwetu asubuhi moto unaombwa: unabeba kigae, unapita kwa jirani, anakupa makaa, munasalimiana. Albertine, ambaye ndiye alimupokea binti yangu Mado siku ya kuzaliwa, aliponiona nakuja aliufunika moto wake kwa jivu.

"Makaa iko," alisema, "lakini imechoka kama sombe yangu bila chumvi. Umwambie Octave akuletee ya kwake. Yeye ndiye anakula na chumvi."

Wanawake walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, kwa haya.

Alisema kweli. Chumvi yote iliyobaki nilikuwa namuwekea Octave, mimi na Mado tunakula bila, Mado anatema ugali. Octave sikumwambia neno. Akijua, atatoka, akitoka, watamupeleka kule kaka yake alikobaki.

Hata ile ya mwisho ikaisha. Nikakumbuka wazee walivyofanya. Nilikata majani ya kinamasi, nikakausha, nikachoma, nikachuja maji katika jivu lake na kuyapika mpaka unga wa kijivu ukabaki chini ya chungu. Inauma ulimi, halafu inaacha uchungu. Nikazidisha mawese katika sombe, yale majani ya muhogo, ili kuuficha.

Octave alikula tonge moja, akaishia hapo.

"Mama Mado, chumvi ya duka iko wapi?"

Nilimwambia imeisha, nitanunua siku ya soko.

"Hii bibi yangu alikuwa anaipika. Imeisha kwako, ama imeisha kijiji kizima?"

Maneno ya kumudanganya nilikuwa nimeyapanga njiani. Lakini alishika mikono yangu, akaona jivu lilivyoikata.

"Kula kwanza," nilimwambia.

Alikula yote, polepole, akapangusa chungu kwa kidole. Kisha alichukua mzigo wangu wa kuni, akauweka kichwani pake, akatangulia njia ya kijiji. Watu walitoka kuangalia mwanaume aliyebeba kuni. Zéphirin hata hakumufunga kamba. Alisukuma kinga yake, Octave akatembea kando yake kama mugeni anayesindikizwa.

Soko lilifunguliwa. Albertine aliacha chumvi mulangoni kwangu, imefungwa katika jani la ndizi, na makaa juu ya kigae. Nilipika nayo. Mado alikula, akaomba tena. Octave alipelekwa kwenye mupira, na mpaka sasa sijapata habari yake.

Zéphirin anasema muzungu alifurahi sana, kazi ilifanyika bila polisi hata mumoja. Kabla ya mvua, vijiji viwili vya barabara ya Kabambare vikafungwa pia, kimoja kwa ajili ya mupira, kingine kwa ajili ya kazi ya daraja tu. Wanawake wa huko wamesikia habari ya majani yangu, wanakuja niwafundishe. Ninawafundisha. Mumoja wao, bado kijana, mutoto mugongoni, alibaki nyuma wenzake walipoenda. Aliniuliza kama inaweza kufanana na chumvi ya duka, mutu asijue.

"Mume wako akionja, atajua," nilimwambia.

Akamupandisha mutoto mugongoni. Halafu akaniuliza tena maji yanatiwa kiasi gani.