Sauti ya Upande wa Tatu

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi wa Februari, mchana, watu wapatao arobaini hukutana Karlovac katika nyumba ya chama cha wapiga makasia kando ya mto Korana. Hufungua bia, huweka santuri, wakaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Ni albamu ileile kila mwaka: bendi ya Slani Kolodvor, ilivyorekodiwa jukwaani mbele ya watu mwaka 1981, santuri mbili ndani ya jalada moja. Bendi ilivunjika zamani. Mpiga ngoma alishafariki, mwimbaji yuko Kanada na hajibu barua. Mashabiki hawamlaumu. Albamu wanayo, na wanakijua kila kikohozi kilichomo.

Katika upande wa tatu, kabla ya wimbo wa polepole ambao wote huungojea, uzi wa gitaa unakatika. Unasikika kabisa ukikatika. Muziki unasita, ukumbi unakaa kimya, mtu anapiga mluzi wa kukereka, na hapo sauti ya msichana inatokea katikati ya umati: “Taratibu, muda tunao.” Mwimbaji anacheka mdomo ukiwa kwenye kipaza sauti. “Mmemsikia? Binti kasema muda tunao.” Ukumbi unalipuka kwa shangwe, na wimbo unaanza. Yote hayo hayafiki dakika moja, lakini mashabiki wameyaandika maneno yale kwenye fulana na kwenye keki za harusi, na mmoja wao, Zlatko fundi mabomba, aliyachonga kwenye jiwe la kaburi la kaka yake.

Msichana yule alikuwa Ljerka Mavrinac. Karlovac nzima ililijua hilo. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na hamsini na tano, kazi yake kutengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo nyuma ya soko. Kijana aliyesimama mbele yake usiku ule aligeuka kutazama ni nani aliyepiga kelele, na kijana huyo ndiye Tomo, aliyemwoa miaka miwili baadaye. Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu Tomo afariki. Kisa hicho walikisimulia pamoja kwenye harusi za watu, ubatizo na sikukuu, yeye akianza na mumewe akimalizia. Na katika ile nyumba ya wapiga makasia, santuri ilipofika pale, watu walinyamaza, wakamwachia Ljerka aseme maneno yake pamoja na msichana wa kwenye santuri, naye aliyasema, kila mwaka, akiona haya kidogo na kufurahi sana.

Mwaka ule alikuja mgeni, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani, akaketi karibu na mlango. Hakunywa bia. Watu walipoinuka kufuata čvarci, yale mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa yakawa makavu, yeye alikwenda moja kwa moja hadi kwa Ljerka, akamwambia anaitwa Safija Hadžimujić, ametoka Tuzla huko Bosnia, amesafiri kwa basi tangu alfajiri.

“Samahani bibi,” alisema. “Huyo msichana ni dada yangu.”

Ljerka alidhani hakusikia vizuri. Safija akaeleza bila haraka, kama mtu aliyeyarudia maneno yake njia nzima. Bendi ilipiga Tuzla siku tatu baada ya Karlovac. Dada yake, Mevlida, alikwenda, akarudi nyumbani sauti imemkauka, akawasimulia jikoni jinsi uzi ulivyokatika na jinsi alivyomjibu yule mpiga mluzi. Santuri ilipotoka, mama yao alikuwa akikanda unga. Aliposikia sauti ile redioni aliacha unga na kukaa sakafuni. Mwaka 1986 Mevlida alikufa kwa ugonjwa wa figo.

“Jalada limeandikwa Karlovac,” Ljerka alisema.

“Limeandikwa, ndiyo. Sikuja kugombana, bibi. Ni kwamba hatuna kanda nyingine yenye sauti yake. Ni hiyo tu. Nikasikia huku kuna mama anasema ni yeye, nikataka kumwona.”

Ljerka hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa rahisi. Alichukua namba ya simu ya yule mwanamke, akaaga mapema, na nyumbani akaisikiliza dakika ile mpaka akapoteza hesabu. Mara ya kwanza alijisikia yeye mwenyewe waziwazi. Mara ya tano alisikia mtu asiyemjua. Kisha akajisikia tena. Msichana yule alivuta neno la mwisho kwa namna wanavyovuta watu wa Bosnia, jambo ambalo Ljerka alikuwa akilieleza siku zote kwa kusema kwamba alikuwa akipiga kelele, na mtu akipiga kelele maneno huvutika. Sasa hakujua. Alisimama katikati ya sebule akasema maneno yale kwa sauti kubwa, mara mbili, hadi jirani wa chini akagonga dari.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza. Vilko Šantek, fundi sauti aliyerekodi ziara ile, alikuwa bado hai huko Samobor, mzee wa miaka sabini na tisa, sikio moja limekufa. Mwezi wa Machi Ljerka alimpigia simu, na baada ya kusitasita siku mbili akampigia na Safija pia. Walikutana kwenye stendi ya mabasi ya Zagreb wakaenda pamoja. Safija alikuwa amebeba mkate wa jibini uliofungwa kwa taulo, wakaula njiani.

Vilko aliwapokea kwenye banda la uani, ambako kanda zake zilipangwa juu ya rafu kama chupa za achari ya pilipili. Alishangaa kwamba kuna mtu aliyekuwa hajui. Albamu ile, alisema, ilishonwa kutoka miji mitatu. Karlovac walipata mwanzo mzuri, Tuzla wakapata kati, na mwisho wote ni wa Ljubljana. Kampuni ilikuwa imeshachapisha jalada lenye picha ya Karlovac, wakaliacha.

“Wakati ule nani aliuliza?” alisema. “Watu walicheza, basi.”

Akaweka kanda ya Karlovac kwanza, kwa heshima ya Ljerka. Wimbo wa polepole ulianza mara tu uliotangulia ulipokwisha. Uzi haukukatika. Hakukuwa na kimya, wala mluzi, wala msichana, ila mngurumo wa watu ambao haukukoma hata kidogo. Ljerka alimwomba arudie. Akarudia. Akaomba mara ya tatu, akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa spika, akawa anautafuta uso wake mwenyewe ndani ya mngurumo ule kama mtu anayetafuta mtu kituoni.

“Mle mna watu elfu mbili, bibi,” Vilko alisema kwa upole. “Na wewe umo. Ila mimi siwezi kukutoa.”

Kisha akaweka kanda ya Tuzla. Uzi ukakatika, mluzi ukapigwa, na msichana akasema muda wanao. Lakini pale santuri inapoingiza kicheko cha mwimbaji, kanda iliendelea, kwa sababu kwenye albamu Vilko alikuwa amekata kipande hapo. Msichana alikuwa ameongeza: “Ila basi langu linaondoka saa tano!” Na watu waliokuwa karibu naye wakacheka.

Safija aliweka mkono mdomoni. Alisema kwamba ni kweli, basi la kwao la mwisho lilikuwa la saa tano, na siku ile Mevlida alilikosa akarudi kwa miguu, baba akamfokea. Alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka. Vilko, asiyejua la kufanya, akamnakilia kipande kile, akampa pamoja na glasi ya rakija, pombe kali ya matunda, ambayo Safija hakuinywa. Ljerka aliinywa yeye. Alimfurahia mwenzake kwa moyo wote, hilo halikuwa na shaka. Lililobaki ndilo hakuweza kulipanga. Kimya cha ukumbi alikikumbuka. Mluzi aliukumbuka, hata na aliyeupiga, mtu mwenye ndevu. Alikumbuka koo lake lilivyowasha. Sasa vitu hivyo vyote vilikuwa vyake na havikuwahi kutokea.

Usiku alimpigia simu binti yake Dunja, anayeishi Graz, akamsimulia.

“Mama, baba aliniambia ulimkanyaga.”

“Nani alimkanyaga nani?”

“Wewe. Ulikuwa umevaa buti za mjomba, ukamkanyaga mguu, akageuka. Aliniambia hospitali, wiki ile ya mwisho. Nilidhani unajua.”

Ljerka aliuliza kwa nini basi Tomo alikuwa akisimulia mambo ya sauti miaka yote ile. Dunja akasema hajui. Ila Ljerka alipoanza kukisimulia kisa kile, alisema, baba hakumkatiza hata siku moja. Ljerka alijaribu kukumbuka alianza lini. Labda ni vuli ile, santuri ilipotoka, rafiki fulani wa shule aliposema sauti hiyo ni kama yake. Labda alijibu kwa utani. Buti za kaka yake alizikumbuka vizuri. Kwamba alikwenda nazo kwenye onyesho, hapana. Alijaribu kuuona mguu wa Tomo. Hakuuona.

Februari iliyofuata alimwalika Safija, na kabla santuri haijawekwa alisimama mbele ya watu akawaambia yote: kanda tatu, Tuzla, Mevlida, basi la saa tano. Alidhani watakasirika au watamwonea huruma. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Krešo, mwenyekiti wa chama, alimuuliza kama anaumwa. Mmoja akasema Vilko ni kiziwi, watu wote wanajua. Mwingine, akitaka kusuluhisha, akasema pengine walikuwa wasichana wawili, kwani kuna ubaya gani? Zlatko fundi mabomba ndiye pekee aliyeonekana kuumia.

“Kaka yangu alikufa akijua ni wewe,” alisema. “Sasa nimwambie nini?”

Ljerka alimtazama Safija, na Safija akamwonyesha kwa mkono kwamba akae.

Upande wa tatu ulipofika pale, watu wakanyamaza kumngojea. Ljerka alifunga mdomo. Msichana wa kwenye santuri akasema peke yake, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile alisikika jinsi alivyo, kijana, mcheshi, mwenye haraka kidogo. Wengine waliinamisha vichwa. Halafu wimbo ukaanza na watu wakaimba kama kila mwaka, na walipogeuza santuri Krešo alimletea Ljerka bia, akamtambulisha kwa wageni wawili, mume na mke kutoka Maribor. “Huyu ndiye yule msichana,” alisema. Ljerka akakanusha. Wageni wakacheka, wakamsifu kwa unyenyekevu wake, wakampa jalada lao aweke sahihi. Aliandika Mevlida. Yule mume akalisoma jina, akamtazama, akalisoma tena, akashukuru.

Wanawake wawili wakatoka nje kupunga hewa. Barafu nyembamba ilikuwa imeganda kando ya Korana. Ljerka aliomba radhi kwa ajili ya wale watu, akasema ni wagumu kuelewa. Safija akasema waache, hata mama yake nyumbani akiambiwa kuwa kuna wengine wanaoipenda sauti ile, husema kwani wanamjulia wapi.

“Na wewe siku ile ulisimama wapi?” akamuuliza. “Hapa Karlovac.”

Ljerka alinyoosha mkono kuonyesha, kama alivyozoea: kulia, karibu na nguzo, Tomo mbele. Mkono ukabaki hewani.

“Sijui, dada,” alisema. “Nilikuwepo. Zaidi ya hapo sijui.”

Safija alitikisa kichwa kukubali, akamshika kiwiko maana ngazi zilikuwa zinateleza. Waliporudi ndani upande wa nne ulikuwa umeshaanza na viti vyao vimechukuliwa, wakasimama nyuma ukutani pamoja na waliochelewa, wakasikiliza.