Matanga Ndani ya Dada Sikujua

Jirani yetu Mama Riziki anadai kilichomwangusha dada Sikujua ni sindano. Alikuwepo, anasema, aliona kwa macho yake: dada aliingia hospitali akitembea, analalamikia mgongo na mkojo unaomchoma. Akachomwa dawa, na kabla ya chupa ya maji aliyotundikiwa kufika nusu akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikasogea. "Angekuwa mwanangu ningeshamrudisha nyumbani," akaninong'oneza.

Daktari yeye anasema ni vijidudu vya mkojo, vimeingia kwenye damu. Presha imeshuka, figo zimegoma, na zisipoamka leo tutampoteza dada.

Nilikaa miguuni pake nikimtazama. Jua la mchana lilipoingia dirishani usingizi ukanichukua, nikaota niko ndani yake.

Ndani ya dada kuna mtaa. Turubai limefungwa kutoka ini mpaka moyo, na kila uani kuna moto. Wanawake weupe, wanene, wasio na mifupa, ndio walinzi wa damu yake, wanapishana na mizigo ya kuni.

"Shikamoo," namwambia aliye karibu.

"Marahaba. Naitwa Usaha. Hilo jina tunapewa tukishakufa, ila mimi nimelizoea mapema."

"Kuna nini hapa?"

"Msiba, mwanangu. Wageni walituvamia, walikuwa watumalize. Dawa imewaua wote. Tazama nguo zao."

Kweli, vipande vya makoti vinaelea kila mahali, makoti ya mafuta na sukari waliyovaa vile vijidudu. Kimoja kinanitua begani.

"Mwenyewe yuko wapi?" nakiuliza.

"Amekufa. Mimi ni koti tu, sina mikono, sijampiga mtu. Wamenichemsha tangu asubuhi, hata sijapauka. Hawa mama wakiniona tu wanapiga yowe, na kila anayesikia yowe anakuja na kuni."

Nawatazama. Sijapata kuona watu wema namna hii. Hakuna aliyeuliza marehemu ni nani. Anayeishiwa kuni anaingia motoni mwenyewe ili moto usizimike. Na kwa kuwa kwao penye msiba hakifungwi kitu, wamefungua kila mlango na kila bomba, waombolezaji wasikose maji. Maji yanamwagika barabarani, yamenifika magotini.

Kutoka mtaa wa nyuma sauti mbili zinasema kwa pamoja, "Huku hayafiki." Ni mapacha wachuja maji, figo za dada. Wamekaa na ndoo tupu.

"Bi Usaha, fungeni mabomba," nasema. "Dada atakufa."

"Tufunge, na watu bado wanalia? Tutasemwa mtaa mzima. Mwenye kuanua matanga ni mfiwa. Niletee mfiwa."

Nafikiri. Wafiwa hakuna, wageni wamekufa na ukoo wao.

"Ni mimi," nasema. "Mimi ni shangazi yao."

Bi Usaha ananikagua juu mpaka chini. "Hamfanani."

"Wamefuata kwa mama yao."

Anaguna, ananipa mkono. "Pole, mfiwa. Walikuwa wezi, lakini pole."

Wote wakapanga foleni kunipa pole, mmoja mmoja, huku mapacha wakizidi kuinamia ndoo zao. Sikuwaharakisha, pole haikatizwi. Wa mwisho alipomaliza nikasimama.

"Nimeshukuru. Matanga nimeyaanua. Rudini makwenu, na kila mtu afunge bomba lake."

"Haya, mwenye msiba amesema," akajibu Bi Usaha, akaumwagia maji moto wake. Mahali fulani bomba la kwanza likalia likifungwa.

Nikazinduka. Mama Riziki alikuwa amenikodolea macho. "Unatabasamu nini wewe, na mwenzio yuko hivi?"

Nilikuwa natazama chini ya kitanda, kwenye mfuko wa mkojo uliokuwa mkavu tangu alfajiri. Kwenye mpira wake tone la njano lilijikusanya, likanenepa, likadondoka. Nikangoja. Likaja jingine.

Nikamwinamia dada sikioni. "Dada," nikasema, "huko ndani wakikuuliza, usinikane. Waambie kweli mimi ni shangazi wa wale wageni."