Kompyuta ya Hajra

Kudra aliteremka Mkuza akitokea Kisarawe na kapu la nyama ya Idi. Kitu cha kwanza kukitafuta kilikuwa friji ya mdogo wake. Alipoifungua, akakuta kanga zimekunjwa vizuri, mfuko wa unga na viatu vya shughuli.

"Nuria! Siku hizi kanga nazo zinaoza?"

"Nimeizima, dada," Nuria alisema, akicheka kwa aibu.

Wapangaji wa nyumba ile walichangia mita moja ya umeme, LUKU. Ili wasigombane, walikubaliana kila chumba kiwe na kifaa kimoja tu cha kuwaka mchana na usiku. Wenzake wote walichagua friji. Nuria alichagua kompyuta iliyokuwa pale pembeni, feni yake ikivuma, wala hapakuwa na mtu anayeitumia.

"Hiyo ndiyo iliyoifukuza friji? Inafanya nini yenyewe?"

"Inapiga hesabu za watafiti wa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Watu wengi wanajitolea kompyuta zao, kila moja inafanya kipande chake. Mwanangu ndiye aliyeiunganisha."

Mwanawe wa pekee, Hajra, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo selimundu ilipomchukua mwaka jana. Tangu hapo Nuria alimkumbuka mno. Hata muuza mboga akimwita mama, maini yalimkatika. Lakini feni ile ikivuma, aliona kama nyumbani kuna mtu.

Kudra hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Akaenda ukutani, akashika swichi.

"Mdogo wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ikipatikana kesho, marehemu atafufuka? Nyama inaharibika hapa!"

"Usizime, dada, nakuomba." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Najua haitamfaa. Siku aliyofariki niliita Hajra, Hajra, mpaka sauti ikanikauka. Nataka mama mwingine akimwita mwanawe, aitikiwe."

Kidole cha Kudra kilibaki kwenye swichi. Yeye ndiye aliyemwosha Hajra siku ya mazishi, na tangu alipotoka chumba cha kuoshea maiti hakuwahi kulitamka jina lake. Wote Kisarawe walidhani ameshasahau.

Mkono ukashuka taratibu.

"Hajra alipenda nyama yenye ndimu nyingi," alisema. "Lete sufuria kubwa. Tuikaange yote leo."